Seva tatu ufuoni Muhuru Bay: Ni akili ama ni maringo?

Tuseme umemaliza diploma yako ya kompyuta, uko Kisumu ama Nairobi, unabahatisha vijikazi vya kutengenezea watu tovuti. Siku moja binamu yako anakupigia simu kutoka Muhuru Bay, kule chini kabisa Migori ambako Kenya inaishia na Tanzania inaanzia. Kamati ya ufuo imechoka na madaftari. Yanalowa maji, yanapotea, mengine yanachanwa kurasa na watu wenye madeni. Wanataka sistimu. Wamechanga pesa kidogo na kuna mfadhili ameahidi kuongeza. Je, unaweza?

Unaweza, bila shaka. Lakini wiki iliyopita ulikesha ukitazama video za jinsi kampuni kubwa za Marekani zinavyohifadhi data, na sasa kichwa kimejaa klasta. Unaona seva tatu zikimetameta taa za kijani kwenye ofisi ya ufuo, zikiongea usiku kucha, moja ikizima nyingine mbili zinaendelea kama hakuna lililotokea. Unamwambia binamu: tutaweka seva tatu, data haitapotea tena.

Hebu tukae chini kidogo kabla hujaguza pesa za watu.

Muhuru Bay pengine unaijua kwa sababu ya Migingo, kile kisiwa cha mawe kilichotufanya tuzozane na Uganda, ama kwa sababu ya WISER, shule ya upili ya wasichana iliyofunguliwa hapo mwaka wa 2010. Wenyeji wao wanaijua kwa omena na mbuta. Omena huvuliwa usiku, taa zikiwaka majini kuwavuta, na alfajiri boti zinarudi wakati akina mama wamekwisha kupanga foleni na mabeseni. Katika saa mbili hivi za asubuhi ndipo kila kitu huandikwa: boti ya nani, imeleta kiasi gani, nani amenunua, nani amelipa, nani amesema atalipa jioni. Kila ufuo una kamati yake, BMU, na mojawapo ya kazi zake ni hiyo ya kuweka rekodi ya samaki wanaoshushwa.

Sasa piga hesabu, manake hapa ndipo wengi wetu huruka. Tuseme ufuo una boti 200, kila moja inashusha mara moja kwa siku, na kila mzigo unagawanywa kwa wanunuzi 10. Hizo ni rekodi 2,000 kwa siku. Rekodi moja, hata ukiijaza maneno, haizidi herufi 500. Kwa siku ni kama megabaiti 1. Kwa mwaka mzima, hata wavuvi wasipumzike Krismasi, ni megabaiti 365. Video za harusi ulizohifadhi kwenye simu yako ni nzito kuliko historia yote ya samaki wa ufuo huo kwa mwaka.

Na kasi? Rekodi 2,000 zikiingia zote ndani ya saa mbili ni rekodi moja kila sekunde tatu na nusu hivi. Laptopu ya mtumba yenye PostgreSQL huandika mamia kwa sekunde bila kutoka jasho. Kwa hivyo ile sababu ya kwanza ya watu kutumia klasta, kwamba data ni nyingi kuliko mashine moja inavyoweza kubeba, tuifute leo. Haiko Muhuru Bay. Kusema kweli haiko hata kwa biashara nyingi za Nairobi zinazojigamba kuwa nazo.

Inabaki sababu ya pili, nayo ni nzito: mashine ikifa, kazi isisimame.

Akidi ya seva

Ili uamue, lazima ujue klasta hufanya nini hasa. Watu hudhani ni kuweka nakala tatu tu. Nakala ni rahisi. Kazi ngumu ni kukubaliana. Seva A ikisema mama fulani amelipa, na seva B ikisema bado, nani mkweli?

Jibu wanalotumia wataalamu tunalijua kutoka Bungeni na hata kwenye mikutano ya chama: akidi. Uamuzi haupiti hadi zaidi ya nusu ya wanachama wawe wameukubali. Mwaka wa 1998 mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alichapisha maelezo ya jambo hili kwa kubuni bunge la kisiwa kimoja cha Ugiriki, Paxos, ambapo wabunge walikuwa wakiingia na kutoka wapendavyo na bado sheria zilipaswa kuandikwa bila kupingana. Wengi walisoma wakatoka kichwa kikiwauma. Mwaka wa 2014 Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford walileta njia nyingine, Raft, wakiwa na lengo la wazi kabisa kwamba watu waielewe. Ndiyo inayoendesha klasta nyingi ndogo unazoziona kwenye zile video.

Ukishaelewa akidi, mambo kadhaa yanajitokeza yenyewe. Seva mbili hazikusaidii. Akidi ya mbili ni mbili, kwa hivyo moja ikizima, iliyobaki haiwezi kupitisha kitu. Umenunua mashine mara mbili ili upate usumbufu mara mbili. Seva tatu huvumilia kifo cha moja. Seva tano huvumilia vifo viwili. Na nne? Akidi yake ni tatu, kwa hivyo huvumilia kimoja tu, sawa na tatu. Mtu akikuuzia klasta ya seva nne muulize hiyo ya nne inafanya nini hapo.

Tuweke namba. Tuseme mashine moja iko hewani asilimia 95 ya wakati. Hiyo ni kama siku 18 za giza kwa mwaka. Tatu zikihitaji akidi ya mbili, uwezekano wa kuwa hewani unapanda hadi asilimia 99.3, yaani chini ya siku 3 za giza. Inapendeza, si ni kweli? Lakini geuza. Mashine zako zikiwa mbovu hivi kwamba kila moja iko hewani asilimia 40 tu ya wakati, klasta ya tatu itakuwa hewani asilimia 35. Imekuwa mbaya kuliko mashine moja! Akidi hukuza ulichonacho: ukianza na vitu vya kutegemewa unapata cha kutegemewa zaidi, na ukianza na takataka unapata takataka nyingi.

Na hata ile hesabu tamu ya 99.3 ina sharti moja, kwamba mashine zisife pamoja.

Chumba kimoja, waya mmoja

Hapo ndipo Muhuru Bay inakuuliza maswali ambayo video za California hazikuuliza. Seva zako tatu ziko chumba kimoja, chini ya bati moja, kwenye waya mmoja wa Kenya Power, nyuma ya kufuli moja. Stima ikipotea, inapotea kwa zote tatu. Usiku wa Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilikuwa gizani, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Siku kama hiyo klasta ya mashine hamsini ni sawa na ya mashine moja.

Radi nayo. Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu zenye ngurumo nyingi sana duniani, na dhoruba zake hupenda usiku. Radi moja ikipita kwenye waya wa mtandao unaounganisha mashine zako, itazitembelea zote kwa zamu. Halafu maji. Mei 2020 ziwa lilijaa kupita rekodi yake ya mwaka wa 1964, fuo za Nyanza zikamezwa, watu wakahama na vitanda vyao. Seva zisingebaki. Na tusisahau mwizi: anayevunja mlango kubeba kompyuta moja hataacha mbili kwa heshima ya akidi.

Kuna pia bili. Chukua kompyuta tatu ndogo za wati 15 kila moja, zikiwaka mchana na usiku. Hizo ni wati 45, karibu uniti 32 kwa mwezi, kabla hujaweka swichi na ruta. Tangu Aprili 2023 mteja wa nyumbani anayetumia uniti 30 ama chini kwa mwezi ndiye anayepata ile bei ya chini kabisa. Klasta yako peke yake, bila hata balbu, imeshavuka mpaka huo. Mashine moja ingekula kama uniti 11. Ukitaka kuendesha kwa sola, hiyo ni tofauti kati ya paneli na betri anazoweza kununua mwenye duka, na zile za kuandikiwa barua kwa mfadhili.

Najua kuna mtu anawaza Raspberry Pi. Ni rahisi, ni nzuri, inakula stima kidogo. Lakini ukiiwekea kadi ya kumbukumbu kama ya simu, halafu stima ikatike ghafla mara tatu kwa wiki, kadi itaharibika, na itaharibika ikiwa katikati ya kuandika. Weka diski ya kweli na betri.

Basi tuzitawanye!

Sawa, unasema. Nitaweka moja Muhuru Bay, moja Sori, moja kule Mbita, Homa Bay. Radi haitapiga zote. Umefikiri vizuri, na sasa umenunua shida nyingine.

Kila mara mama anapoandikiwa debe lake, seva ya Muhuru Bay lazima isubiri angalau mwenzake mmoja aseme nimesikia. Mwenzake yuko mbali, upande wa pili wa mtandao wa simu. Mtandao ukiwa mzuri hutahisi. Ukikatika, Muhuru Bay inabaki peke yake, haina akidi, inakataa kuandika. Saa kumi na mbili asubuhi, boti zimefika, samaki hawangoji, na skrini yako inasema haiwezi kuhifadhi. Mashine iko hapo mbele yako, nzima, ina stima, ina nafasi, lakini inakataa kwa sababu haijasikia kutoka Mbita. Utamweleza nini mzee wa kamati? Atachukua kalamu, atafungua daftari, na hutamrudisha tena kwenye skrini hiyo.

Hili si kosa la programu. Mwaka wa 2000 Eric Brewer alisema, na mwaka wa 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakathibitisha kihesabu, kwamba mtandao ukigawanyika lazima uchague: ama uendelee kujibu ukijua majibu yanaweza kutofautiana, ama unyamaze hadi uwe na uhakika. Huwezi kupata yote mawili.

Na usidhani ni shida ya kijijini. Oktoba 21, 2018, GitHub, pale ambapo waandishi wa programu duniani kote huweka kazi zao, ilipoteza mawasiliano kati ya vituo vyake vya Marekani kwa sekunde 43. Arobaini na tatu tu. Klasta ikachagua kiongozi mpya upande wa pili wa nchi, huku upande wa kwanza kukiwa na maandishi ambayo bado hayakuwa yamevuka. Kuyapatanisha na kurudi hali ya kawaida kulichukua saa 24 na dakika 11. Hao ni watu wenye wahandisi wa kulala kwa zamu. Wewe uko Nairobi, basi la usiku ni saa ngapi?

Kuna wanaosema ihamishe yote kwa wingu, tulale. Kwa vitu vingi ni ushauri mzuri. Ila wingu nalo hupitia nyaya za baharini, na Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki ilijikokota kwa siku kadhaa. Mbuta wa Muhuru Bay hawezi kungoja meli ya kuunganisha waya karibu na Afrika Kusini.

Klasta ambayo tayari iko hapo

Sasa nikuonyeshe kitu. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, wakapewa mikoba ya vifaa na simu. Kwenye simu hiyo kuna mfumo unaoitwa eCHIS, uliojengwa juu ya zana huria za Community Health Toolkit. Mhudumu anaingia boma, anaandika mtoto amepimwa, mama ana mimba ya miezi mingapi, nani anahitaji kwenda kliniki. Anaandika hata pasipo mtandao hata kidogo. Simu ina hifadhidata yake ndogo yenye rekodi za nyumba anazozihudumia, na akipata mtandao inapatana na seva kuu: chukua zangu, nipe zako.

Hiyo pia ni hifadhidata iliyosambazwa. Tena imesambazwa kuliko klasta yako ya mashine tatu. Tofauti ni kwamba haiombi ruhusa ya wengi kabla ya kuandika. Imechagua ule upande mwingine wa Brewer: andika sasa, patana baadaye.

Inafanya kazi kwa sababu ya jambo moja la kawaida tu: nyumba zina mhudumu wao. Mara nyingi mtu mmoja ndiye anayegusa rekodi fulani, kwa hivyo migongano ni michache. Ukiwa na bahati ya namna hiyo kwenye data yako, itumie yote.

Ufuo wa samaki unayo bahati hiyo, ukiangalia vizuri. Mzigo wa boti hushushwa mahali pamoja, mbele ya karani mmoja. Hakuna karani wa Sori atakayeandika boti iliyotua Muhuru Bay dakika hiyo hiyo. Kinachobaki ni deni, na deni lina hila.

Ukihifadhi deni kama namba moja, mama fulani anadaiwa 1,400, na simu mbili zikabadilisha namba hiyo zikiwa hazionani, mojawapo itaifuta nyingine. Lakini angalia mwenye duka anavyofanya kwenye daftari lake. Hafuti. Anaandika mstari: amechukua gorogoro mbili. Mstari mwingine: amelipa mia tano. Mwisho wa mwezi anajumlisha. Fanya vivyo hivyo kwenye mashine. Kila tukio lipewe namba inayoanza na jina la simu iliyoliandika, lisifutwe kamwe, na makosa yasahihishwe kwa mstari mpya. Simu mbili zikikutana jioni zinaunganisha mistari yao, na haijalishi ipi ilifika kwanza, jumla ni ile ile. Mzee wa duka alijua mambo ya mifumo iliyosambazwa kabla hatujazaliwa.

Na kuna faida nyingine ambayo kwangu mimi ni kubwa kuliko hizo za kiufundi. Kwenye fuo za Nyanza kuna jambo linaloitwa jaboya, unalijua: mwanamke kulazimika kulala na mvuvi ndipo apate samaki wa kuuza. Foleni ya alfajiri si jambo dogo. Nani aliandikwa kwanza, nani alirukwa, nani deni lake liliongezeka usiku bila yeye kununua kitu, hayo ni maisha ya mtu. Rekodi isiyofutika, ambayo mama anaweza kuisoma kwenye ujumbe mfupi wa simu yake, inamlinda kuliko seva tatu ambazo nywila yake anayo mtu mmoja. Uliza swali hilo kwenye kamati: nani anaweza kubadilisha rekodi, na nani atajua akibadilisha? Utaona sura zikibadilika.

Mahali ambapo akidi haina mjadala

Nisieleweke vibaya. Kuna mambo ambayo huwezi kuandika sasa ukapatana baadaye. Pesa zenyewe ni mojawapo. Ukiwa na 1,000 kwenye akaunti, huwezi kuruhusiwa kuitoa Muhuru Bay na kuitoa tena Mbita eti simu hazikuwa zimeonana. Ndiyo maana M-Pesa ikikosa uhakika hukataa, hata kama inakukera ukiwa kwenye kaunta na watu nyuma yako. M-Pesa ilianza Machi 2007, na seva zake zilikuwa Ujerumani hadi mwaka wa 2015 zilipohamishiwa Kenya. Mfumo wa namna hiyo, wenye mamilioni ya watu na timu ya kuulinda usiku na mchana, lazima uwe na mashine nyingi zinazokubaliana. Hapo gharama inajilipa. Kwa hivyo kwenye sistimu yako ya ufuo, pesa waachie M-Pesa. Wewe andika tu namba ya muamala.

Kliniki nazo zina kesi yao, na hii ndiyo inayoniuma. Migori na Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi zaidi ya HIV nchini. Vituo vingi vinatumia KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS na kuanza kutumika mwaka wa 2012. Kwa kawaida seva yake hukaa ndani ya kituo chenyewe, ikihudumia kompyuta za hapo hapo, ili intaneti ikipotea daktari aendelee kuona faili. Uamuzi mzuri, kwa sababu zote tulizozitaja.

Lakini mvuvi hufuata samaki. Mwezi huu yuko Muhuru Bay, mwezi ujao Remba ama Mfangano, halafu anarudi. Dawa zake za ARV zinaisha akiwa huko. Anaingia kituo ambacho hakimjui, na faili lake liko kwenye mashine nyuma ya mlango, ng'ambo ya maji. Hapa kuna tatizo la kweli la data iliyosambazwa, na angalia: seva tatu ndani ya kila kituo hazimsaidii hata chembe. Kinachomsaidia ni vituo viwili kuweza kuulizana habari za mtu mmoja, na kuwa na hakika kuwa ni mtu yule yule, si mwenye jina linalofanana. Namba moja ya mgonjwa inayotambulika kila mahali ina thamani kuliko mashine zote unazotaka kununua.

Na tena, kila nakala unayoongeza ni sanduku jingine la kulinda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Mji mdogo, kila mtu anamjua kila mtu. Diski moja iliyoibwa bila kufungwa kwa siri inaweza kumvunjia mtu ndoa. Seva tatu ni milango mitatu.

Mimi ningeweka nini

Mashine moja. Ndogo, isiyo na feni ikiwezekana, yenye diski ya kweli, betri ya kuishikilia saa kadhaa, na kizuizi cha radi kwenye waya wa stima na wa mtandao. Ndani yake PostgreSQL, ama hata SQLite, ambayo ni faili moja tu na tayari iko kwenye kila simu ya Android mfukoni mwa kila karani. Makarani waandike kwenye simu zao, simu zipatane na mashine zikiwa kwenye waifai ya ofisi. Mashine nayo itume kila badiliko jipya kwa seva ya kukodi mahali pengine, mtandao ukiwepo. Na mara moja kwa wiki mtu anayeaminika abebe nakala iliyofungwa kwa nywila nyumbani kwake, kwenye flashi.

Hiyo ya flashi watu hunicheka. Lakini elewa kwamba nakala zinazofuatana papo hapo si akiba. Mtu akifuta jedwali kimakosa kwenye klasta, seva zote tatu zitakubaliana, kwa akidi kamili, kwamba jedwali limefutwa. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab akihangaika usiku na seva ya pili iliyokuwa imeachwa nyuma, alifuta data kwenye seva kuu. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala. Usiku huo hakuna iliyokuwa ikifanya kazi vizuri. Waliokolewa na nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua saa sita hivi mapema kwa sababu nyingine kabisa, na bado data ya saa hizo sita ikapotea.

Kwa mpango huu wangu, mashine ya Muhuru Bay ikifa, makarani wanaendelea kwenye simu. Utatuma nyingine kwa basi, uirudishie data kutoka kwa ile ya kukodi. Umepoteza siku moja ya ripoti, hujapoteza rekodi. Kwa ufuo, hiyo inatosha. Kama kamati itasema haitoshi, waulize saa moja ya sistimu kulala inawagharimu shilingi ngapi, na uandike namba hiyo. Ikizidi gharama ya mashine mbili zaidi, stima yake, na mtu wa karibu anayejua kuzitibu saa tisa usiku, basi wawekee klasta yao na uwatoze vizuri. Hiyo ya mtu wa karibu usiipite haraka. Mashine tatu zenye fundi aliye kilomita mia tatu ni hatari kuliko moja ambayo karani mwenyewe anaweza kuizima na kuiwasha.

Lakini kujifunza ni jambo jingine. Usiku wa leo, kwenye laptopu yako, unaweza kuwasha nodi tatu za etcd ama CockroachDB bila kununua chochote. Ua moja, tazama nyingine zikichagua kiongozi. Ua ya pili, uone iliyobaki ikigoma. Kata mtandao kati yao ukiwa katikati ya kuandika. Utaelewa mengi kuliko kwenye zile video, na mwajiri wa Nairobi atakuuliza kuhusu hayo hayo.

Halafu panda basi uende ukaone ufuo kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu. Chagua wiki ya giza, ile ambayo mwezi hauonekani. Mbalamwezi ikiwaka omena hupatikana kidogo, karani anakuwa na nafasi ya kunywa chai na kukueleza kila kitu polepole, na utarudi ukidhani umeelewa. Wiki ya giza boti zinatua zote kwa pamoja, watu wanapiga kelele, mikono ya karani imelowa magamba na simu yake haisikii kidole. Simama pembeni na uhesabu inachukua sekunde ngapi kuandika debe moja kwenye daftari. Hiyo ndiyo namba utakayoshindana nayo.